Uwajibikaji katika gemu za mtandaoni zinazojengwa kwa michango: maana yake na mahali unapokwama

Gemu ya mtandaoni iliyojengwa kwa michango ni ile ambayo wachezaji wameilipia kabla haijakuwepo. Studio hutangaza wazo, huonyesha picha chache na video fupi ya namna gemu itakavyokuwa, hutaja kiasi inachohitaji na tarehe inayokadiria kumaliza. Watu wa kawaida huchanga mtandaoni, kila mmoja kwa kadiri yake. Anayetoa kidogo huahidiwa nakala ya gemu. Anayetoa zaidi huahidiwa silaha, meli, nyumba, au jina lake kwenye orodha ya shukrani. Mchangiaji hapati hisa wala mgawo wa faida. Anachopata ni ahadi, na hapo ndipo suala zima la uwajibikaji linapoanzia.

Studio inayowajibika ni ile inayoweza kuulizwa maswali matatu na kuyajibu bila kuzungukazunguka: fedha zimetumikaje, kazi imefika wapi, na ni ahadi gani kati ya zile za mwanzo imebadilika au imekufa. Tarehe ni sehemu ndogo tu ya hayo. Mimi binafsi kuchelewa kwenyewe hakunisumbui sana, maana miradi ya programu huchelewa kila mahali. Kinachonisumbua ni kuchelewa kusikokuwa na hesabu: miaka inapita, na aliyetoa fedha hajui kama anasubiri gemu au anasubiri tangazo la msiba wake.

Kwa takwimu, kuchelewa ndiyo kawaida ya michango ya aina hii. Ethan Mollick, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa miradi ya Kickstarter, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, ulioonyesha kwamba, katika miradi ya usanifu na teknolojia iliyofanikiwa kuchangiwa, zaidi ya asilimia 75 ilikabidhi kazi baada ya tarehe iliyoahidiwa. Mwaka uliofuata alitoa matokeo mengine: takriban asilimia 9 ya miradi ilishindwa kabisa kuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Wanaotokomea ni wachache, wanaochelewa ni wengi mno, na ukiwa katikati ya kungoja huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Gemu za mtandaoni zina ugumu wa ziada. Gemu ya mchezaji mmoja, mambo yakikaza, inaweza kupunguzwa au kukatwa. Studio ya Double Fine iliomba dola 400,000 mwaka 2012 ikapata zaidi ya dola milioni 3.3 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 87,000. Mwaka 2013 ikasema wazi kwamba ilichosanifu ni kikubwa kuliko fedha ilizonazo, ikaikata gemu yake, Broken Age, mapande mawili. La kwanza lilitoka Januari 2014, mauzo yake yakasaidia kumalizia la pili, lililotoka Aprili 2015. Watu walinung'unika, lakini kila mtu alijua kinachoendelea, tena kulikuwa na filamu ya kumbukumbu iliyofuatilia kazi hiyo hatua kwa hatua, ikiwa ni pamoja na siku mbaya za bajeti.

Dunia ya mtandaoni haikatiki hivyo. Nusu ya vita haichezeki, na soko la wachezaji lisilo na wachezaji ni skrini tupu. Chukua jambo moja tu, vita vya watu wengi. Wachezaji kumi wakikutana mahali pamoja, kila anachofanya mmoja lazima wengine tisa wakione: hizo ni taarifa 90 kwa kila hatua. Wakiwa mia moja, taarifa zinakuwa 9,900. Wakiwa mia tano, 249,500. Yaani watu wameongezeka mara hamsini, mzigo umeongezeka zaidi ya mara elfu mbili. Wahandisi wana mbinu za kuupunguza, kwa mfano kutokutuma habari za mtu aliye mbali au kuzituma mara chache zaidi, lakini kila mbinu inaleta kasoro yake, na kila kasoro inataka kupimwa kwa watu halisi waliounganishwa kwa wakati mmoja na seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu kwa wote. Ongeza hapo ulinzi dhidi ya wadanganyifu, akaunti, na hifadhi ya data isiyopoteza mali ya mtu. Katika video ya kuchangisha, vita vya watu mia tano ni kazi ya mchoraji. Kwenye seva ni miezi mingi ya kazi isiyo na picha ya kuonyesha, na mchangiaji asiyeonyeshwa kitu hudhani hakuna kinachofanyika.

Halafu kuna malengo ya ziada. Studio ikipata zaidi ya ilichoomba, hutangaza kwamba fedha zikifika kiwango fulani itaongeza bara jipya, zikifika kingine itaongeza mbio za farasi, uvuvi, siasa za miji. Michango inapanda, furaha inapanda, na tarehe ya kumaliza inabaki ileile iliyokadiriwa kwa gemu ndogo ya mwanzo. Hapa wachangiaji nao wana lao, kwa sababu ni wao wanaoshangilia kila nyongeza. Ila aliyeandika tarehe ndiye mwenye wajibu wa kuifuta na kuandika nyingine siku hiyohiyo anapoongeza kazi, na hilo hufanyika mara chache.

Katika njia ya zamani ya kutengeneza gemu kuna mchapishaji anayetoa fedha kwa awamu. Studio inaonyesha hatua iliyokubaliwa, mchapishaji anaikagua, ndipo awamu inayofuata inalipwa. Mfumo huo una ukatili wake na umeua gemu nyingi nzuri, lakini una mtu mmoja mwenye fedha nyingi hatarini na haki ya kusema "sijaona kitu, silipi". Michango inamwondoa mtu huyo. Fedha hutoka zote kwa mkupuo mwanzoni, kutoka kwa maelfu ya watu ambao kila mmoja ametoa kiasi kisichotosha hata kumlipa wakili. Nguvu ya kudai imegawanywa vipande vidogo hadi ikayeyuka.

Jukwaa la kuchangisha halijazi pengo hilo. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, huchukua asilimia 5 ya fedha za mradi uliofikia lengo, ukiacha ada za malipo, na mwaka 2012 ilitangaza waziwazi kwamba yenyewe si duka. Masharti yake ya mwaka 2014 yanasema mwenye mradi anayeshindwa kumaliza anapaswa kueleza fedha zilivyotumika, kujitahidi kuufikisha mradi kwenye hitimisho bora linalowezekana, na kurudisha kilichosalia kwa wale ambao hawajapata chao. Maneno mazuri hayo. Lakini mkataba ni kati ya mchangiaji na mwenye mradi. Jukwaa limekaa pembeni, na "kilichosalia" mara nyingi ni sifuri.

Serikali zimeingilia mara chache. Nchini Marekani, mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington alifungua mwaka 2014 kesi dhidi ya kampuni iliyochangisha fedha za kutengeneza karata na isizitume kwa wachangiaji. Mwaka 2015 mahakama iliiamuru ilipe zaidi ya dola 54,000, nyingi zikiwa faini na gharama za kesi, kwa sababu wachangiaji wa jimbo hilo walikuwa 31 tu. Mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Shirikisho ilimchukulia hatua mtu aliyechangisha zaidi ya dola 122,000 kwa gemu ya mezani na kuzitumia kwa mambo yake. Kesi zote mbili zinafanana kwa jambo moja: kosa lilikuwa la wazi, la mtu kuchukua fedha na kutokufanya kazi aliyoahidi. Studio iliyoajiri watu, ikalipa mishahara, ikafanya kazi miaka minane na bado haijamaliza ni kitu kingine mbele ya sheria. Kutokuweza si utapeli.

Jambo lililo zito zaidi kwangu ni hili: gemu ya mtandaoni ambayo haijatoka inaweza kuwa tayari ni biashara. Baada ya michango ya mwanzo studio hufungua duka kwenye tovuti yake na kuendelea kuuza meli, ardhi na vyeo vya dunia isiyokamilika. Star Citizen, gemu ya meli za angani ya kampuni ya Cloud Imperium Games, ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Ilianza kuchangisha Oktoba 2012, ikitarajiwa kutoka Novemba 2014. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa imevuka dola milioni 500, na mwaka 2024 ikavuka milioni 700, ikiwa bado katika hatua ya alfa, yaani toleo la majaribio ya mapema. Si haki kuiita hewa tupu, maana kuna kitu kinachochezeka, kuna wafanyakazi mamia, na tangu mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni imekuwa ikichapisha muhtasari wa mapato na matumizi yake. Lakini tazama motisha ilivyogeuka. Kwa studio ya kawaida, kutoa gemu ndiyo siku ya kulipwa. Kwa studio inayouza kila mwezi kabla ya kutoa, siku ya kutoa ni hatari, kwa sababu ndiyo siku ndoto inapopimwa na kuanza kupewa alama.

Masharti ya mkataba nayo husogea. Masharti ya awali ya Star Citizen yaliweka muda maalumu baada ya tarehe iliyokadiriwa, ambao ukipita mchangiaji angeweza kudai fedha ambazo hazijatumika. Mwaka 2016 kipengele hicho kiliandikwa upya ili kisitegemee tena tarehe. Ndiyo maana ninapoulizwa uwajibikaji wa gemu fulani ukoje, huanza na ukurasa wa masharti kabla ya video: nani ana haki ya kuubadilisha, na je, aliyechangia chini ya masharti ya zamani bado analindwa nayo?

Gemu ya Chronicles of Elyria inaonyesha upande wa giza zaidi. Ilipata zaidi ya dola milioni 1.3 kwenye Kickstarter mwaka 2016, ikaendelea kuuza vyeo na maeneo ya ardhi kwenye tovuti yake hadi jumla ikakaribia milioni 8. Machi 2020 studio ilitangaza kwamba fedha zimekwisha na wafanyakazi wameachishwa kazi. Baadaye kiongozi wake alisema kazi haijafa, lakini kwa mtu aliyenunua ufalme, tangazo lile la Machi ndilo lilikuwa hesabu ya kwanza ya kweli kuhusu hali ya fedha. Hesabu inayotolewa baada ya kasha kuwa tupu haimsaidii mtu kuamua chochote.

Sasa, taarifa inayowajibika inaonekanaje kwa karibu? Linganisha mbili. Ya kwanza: "Mwezi huu timu imepiga hatua kubwa katika mfumo wa vita, na tumefurahishwa sana na picha mpya za msitu." Ya pili: "Tulijaribu vita vya watu mia mbili, seva ikaanguka baada ya dakika kadhaa, tumeligundua tatizo, litachukua robo mwaka, kwa sababu hiyo uvuvi unaondolewa kwenye toleo la kwanza, na fedha zilizopo zinatutosha hadi mwisho wa mwaka ujao." Ya pili inauma na huenda ikapunguza mauzo ya wiki hiyo. Ila mchangiaji akiisoma anajua kilichoharibika, kilichokatwa na muda uliobaki.

Habari mbaya ikicheleweshwa, hugeuka kuwa kosa jipya. Studio ya Frontier ilipokuwa ikichangisha kwa ajili ya gemu yake, Elite: Dangerous, iliahidi kwamba gemu ingechezeka pia bila intaneti. Novemba 2014, mwezi mmoja kabla ya kutoka, ikasema hilo haliwezekani. Gemu yenyewe ilitoka Desemba 2014, chini ya mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwanzo, na kwa kipimo cha kuchelewa ni kazi nzuri kabisa. Hasira ilikuja kutokana na wakati wa kusema. Studio ya City State Entertainment nayo ilipata zaidi ya dola milioni 2.2 mwaka 2013 kwa ajili ya Camelot Unchained, gemu ya vita vya umati niliyoieleza ugumu wake hapo juu, ikikadiria Desemba 2015. Mwaka 2020, Camelot ikiwa bado haijakamilika, studio ilitangaza gemu nyingine iliyojengwa juu ya injini ileile, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu. Pengine kiufundi ulikuwa uamuzi wenye mantiki. Kwa aliyesubiri miaka saba, lilikuwa jibu la swali ambalo hakupewa nafasi ya kuuliza.

Kutoka kwa gemu hakufungi hesabu. Gemu ya Crowfall ilichangiwa mwaka 2015, ikatoka Julai 2021, na seva zake zikazimwa Novemba 2022. Ahadi ya kutoa gemu ilitimizwa. Hakuna aliyeahidi itaishi muda gani. Mtu anayenunua leo meli au shamba katika gemu ya namna hii ananunua matumizi yanayokwisha siku seva zitakapozimwa, na ni studio chache zinazotaja kwenye ukurasa wa mauzo kitakachofanyika kwa mali hiyo wakati huo.