Kidonda cha mdomoni kisichouma si salama

Watu wengi Dar es Salaam husubiri maumivu ndipo waende kwa daktari wa kinywa. Ni kosa la hatari, kwa sababu saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila kuuma kabisa. Maumivu, mdomo kufa ganzi na meno kulegea huja baadaye, saratani ikiwa imeshachimba.

Kinachopaswa kukushtua ni muda. Kidonda cha kujing'ata au cha jino lenye ncha kwa kawaida hupona ndani ya wiki 2 chanzo kikiondolewa. Kikifika wiki 3, hasa kingo zake zikiwa ngumu na zimeinuka, nenda ukapimwe. Baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa nalo lionwe na daktari. Baka jekundu ni baya zaidi, ingawa kwa macho halitishi. Chukua kioo ukague pembeni mwa ulimi, chini yake, na pale unapoweka ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni).

"Natafuna tambuu bila tumbaku" si kinga. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, yenyewe husababisha saratani, tena hukaza mashavu taratibu hadi mdomo ushindwe kufunguka vizuri. Sigara na pombe zikienda pamoja huzidishiana madhara.

Kusukutua maji ya chumvi na kumeza antibiotiki za duka la dawa mwezi mzima ni kuchelewa tu. Jibu hutoka kwenye kinyama kidogo kinachokatwa baada ya sindano ya ganzi, kikapelekwa maabara. Hospitali ya Muhimbili hufanya kipimo hicho. Tiba ya mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road.