Hamira ikivuliwa ukuta

Wanafunzi wengi wanaokuja maabara huuchukulia ukuta wa seli ya hamira kama ganda tu, kitu kilichokwisha kufa. Njia ya haraka ya kuwatoa huko ni kuwaacha wauvue wenyewe. Tunazitia seli kwenye maji yenye sorbitoli nyingi, kitu cha jamii ya sukari kinachozuia maji yasiingie kwa wingi ndani ya seli, tunaongeza kimeng'enya kinachokula ukuta, kisha tunatazama kwenye hadubini. Seli zilizokuwa na umbo la yai zinaanza kuviringika, na baada ya muda zote ni tufe. Umbo lile lilikuwa la ukuta. Kisha mtu anapenyeza maji matupu pembeni mwa kioo, na tufe moja baada ya jingine linatoweka. Zimepasuka.

Ndani ya seli mna chumvi, sukari na protini kwa wingi, kwa hiyo maji huingia kwa nguvu. Utando, ngozi nyembamba ya mafuta iliyo chini ya ukuta, una unene wa nanomita 7 hivi, hauwezi kuhimili shinikizo hilo. Ukuta, wenye nanomita 100 hadi 200, unaweza.

Karibu nusu ya ukuta ni beta-glukani, minyororo mirefu ya glukosi iliyojikunja kama springi. Ndiyo maana ukuta huvutika na kurudi. Upande wa nje kuna protini zilizosheheni manosi, aina ya sukari. Hizo huamua nini kiguse seli, na katika aina fulani za hamira hunasa manosi za seli jirani, mradi kalsiamu ipo, hadi seli zikashikamana na kuzama chini. Kaitini, minyororo mingine ya sukari iliyo migumu, ni asilimia 1 au 2 tu, ila imekusanyika mahali pa kuvutia: pale chipukizi, yaani seli mtoto, lilipokatikia. Ukiipaka rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, utaona pete juu ya seli mama, na kila pete ni mtoto mmoja. Kovu moja halichipui tena. Mimi bado hupenda kuzihesabu, hata pale kazi isiponitaka nifanye hivyo.

Jambo ambalo michoro ya vitabuni huficha ni kwamba ukuta hujengwa na utando. Kimeng'enya kinachofuma beta-glukani, Fks1, kimekaa ndani ya utando: hupokea glukosi iliyoandaliwa upande wa ndani na kuusukumia nje mnyororo unaorefuka. Protini za ulinzi kama Wsc1 na Mid2 nazo zimepenya utando, vichwa vyake vikiwa ukutani. Ukuta ukidhoofika, habari hupitia protini za ndani ya seli, Pkc1 hadi Slt2, na jeni za ujenzi huwashwa. Glukani ikipungua, seli huongeza kaitini. Kwa hiyo kuchora mistari miwili sambamba, kana kwamba haijuani, ni kupotosha. Madaktari wamenufaika na uhusiano huu: kaspofungini, dawa ya fangasi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kazi ya Fks1, na seli za binadamu hazina ukuta wa kuharibiwa.

Utando wenyewe una ergosteroli, aina ya mafuta, pale ambapo sisi tuna kolesteroli. Dawa nyingine mbili za fangasi hulenga hapo: amfoterisini B hushika ergosteroli, flukonazoli huzuia isitengenezwe. Humo pia mna pampu ya Pma1, inayotumia nishati kubwa kutoa protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji) nje ili amino asidi ziweze kuingia pamoja na protoni zinaporudi. Glukosi haihitaji gharama hiyo. Hupita kwenye milango yake ikifuata mteremko wa ukolezi.

Ergosteroli haitengenezwi bila oksijeni. Watafiti Andreasen na Stier walionyesha mwaka 1953 kwamba hamira isiyopata hewa hukua ikiwa tu imepewa ergosteroli tayari. Hali hii huwashangaza wanaodhani uchachushaji hauna habari na hewa. Seli ikigawanyika, akiba ya ergosteroli hugawanywa kati ya mama na mtoto, baada ya vizazi vichache utando unakuwa dhaifu, na pombe iliyojaa nje huuvuruga zaidi. Ndiyo maana wachachushaji huingiza hewa mwanzoni, kabla sukari haijaanza kuliwa.

Hamira kavu ina shida nyingine. Ikikauka, mafuta ya utando hukakamaa. Maji baridi yakiifikia katika hali hiyo, mafuta hulainika yakiwa yameshalowa, na utando huvuja: amino asidi na chumvi humwagika nje kabla seli haijajifunga. Maji ya nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi huyalainisha mafuta haraka, na seli nyingi zaidi hubaki hai.