Je, wajua? Kinachookotwa chini baada ya mlio wa bunduki si risasi

Kikopo cha shaba njano kinachoanguka karibu na mpigaji bunduki, karibu kila mtu hukiita risasi. Hilo ni ganda. Risasi yenyewe imeshaondoka. Kosa hilo limeenea hadi kwenye michoro, ambako risasi huchorwa ikipaa na ganda lake nyuma. Ganda haliruki na risasi hata kidogo.

Kinachoingizwa kwenye bunduki kina sehemu nne: ganda, fataki iliyobanwa kwenye kitako chake, baruti ndani, na risasi iliyoshikiliwa mdomoni. Pini hugonga fataki, moto wake huwasha baruti, gesi hutanuka. Ganda limebanwa na kuta za chemba, yaani chumba kidogo ndani ya bunduki linapokaa, pande zote na nyuma pia, kwa hiyo njia iliyobaki ni mtutu. Ni kama chupa ya soda iliyotikiswa: kizibo huruka, chupa hubaki mkononi. Kwa bastola ya 9 mm, kitu kizima kina takribani gramu 12; kinachoruka ni gramu 7 au 8 tu.

Ganda lililotumika lina kishimo kwenye fataki. Fataki ikiwa haina alama na ncha ya risasi ipo mdomoni, hicho ni kizima, hakijafyatuliwa: kisigongwe wala kutupwa motoni. Kikilipuka nje ya chemba, ganda halina cha kuliegemeza, hupasuka, na vipande vyake hujeruhi.

Ndiyo maana "risasi tano zimeokotwa" ni taarifa mbovu. Ni tano nzima, maganda matano, au vichwa vitano vilivyochimbuliwa ukutani? Kila jibu linasimulia tukio tofauti.

Jina lilivyohama ni jambo la kupendeza. Neno "risasi" limetoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni madini laini, mazito, yale yaliyomo kwenye betri ya gari. Enzi za gobore, baruti ilimiminwa, gololi ya risasi ikashindiliwa, kila kitu kwa jina lake. Ganda la metali la karne ya 19 lilipovikusanya vyote, jina la kinachofika mbali likafunika kitu kizima. Kiberiti nacho kilipita humo: kwanza salfa, kisha njiti, kisha boksi lake, na sasa hata kiberiti cha gesi kisicho na salfa yoyote. Vivyo hivyo, leo hutengenezwa risasi za shaba tupu, zisizo na risasi ndani, na sentensi hiyo ni sahihi kabisa.