Fizi zinatoka damu lakini haziumi: maswali mnayoniuliza

Msimu wa korosho ukichanganya, watu wa Newala na Tandahimba hushuka Mtwara mjini na hela ya mauzo mkononi, na wengi wanaofika chumba cha meno huja na neno moja: "Ning'olee." Jino linacheza, wamechoka nalo. Ukiwauliza lilianza lini, wanakumbuka damu kwenye mswaki miaka mingi nyuma, ambayo hawakuijali kwa sababu haikuwauma. Inanisikitisha kila mara, maana mengi ya meno hayo hayana hata tundu. Kilichooza ni kinachoyashika. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo, kliniki na hata feri nikinunua samaki.

Daktari, damu kidogo wakati wa kupiga mswaki si kawaida tu?

Hapana. Fizi nzima imebana shingo ya jino na haitoki damu kwa kuguswa na mswaki. Inayotoka damu imevimba kwa sababu ya utando wa bakteria, ule ulaini wa njano unaoweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, zilitulia kwa takriban wiki moja. Kwa hiyo hatua hii ya mwanzo inapona kabisa, bila kidonge.

Wengi huniambia wanaruka pale panapotoka damu ili wasipaumize. Naelewa, lakini hapo ndipo utando ulipo. Pasugue taratibu kwa mswaki laini, usipaache. Zikipita wiki mbili damu bado inatoka, njoo uonwe.

Ugaga ni nini hasa, na kwa nini mswaki hauutoi?

Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukihisi kitu kigumu chenye kukwaruza, ndicho hicho. Utando usioondolewa hunyonya madini ya mate na kuanza kugeuka jiwe baada ya siku chache, na hupenda hasa sehemu hiyo kwa kuwa mate humwagika kutoka chini ya ulimi. Wavuvi wa Mikindani wanajua chaza wanavyogandia ubavu wa dau: huwatoi kwa ufagio, lazima dau lipandishwe likwanguliwe. Ugaga nao unataka kukwanguliwa na mtaalamu. Ukiachwa, fizi hujibandua kwenye jino, panabaki kamfuko. Bakteria huingia humo, mfupa wa taya unaanza kuliwa, na mfupa huo ukishakwenda haurudi wenyewe. Kazi yetu hapo inakuwa kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Nimesikia kukwanguliwa kunalegeza meno.

Nimelisikia hili Masasi, nimelisikia Lindi. Jino linaloonekana kulegea baada ya kusafishwa lilikuwa limelegea tangu zamani; ugaga uliligandisha na mwenzake. Uvimbe ukishuka, fizi nayo inanywea na mapengo yaliyojificha yanaonekana. Meno kushikwa na ganzi ukinywa maji baridi kwa siku kadhaa ni kawaida.

Mama yangu ana kisukari. Fizi zinamhusu nini?

Zinamhusu sana, na hili natamani lisemwe kila kliniki ya sukari. Sukari ikiwa juu, mwili unapigana vibaya na bakteria, fizi zinaharibika haraka na kupona kwake ni kwa shida. Upande wa pili, uvimbe wa fizi unaufanya mwili usiitikie vizuri insulini, ile homoni inayoshusha sukari, nayo sukari inapanda zaidi. Vinachocheana.

Fikiria kidonda chenyewe. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeenea mdomo mzima, eneo lililochubuka ndani ya mifuko ya fizi limekadiriwa kufika sentimita za mraba 8 hadi 20. Hiyo ya juu ni kama mraba wenye upande wa sentimita nne na nusu. Kidonda kama hicho kingekuwa mguuni mwa mama, mngeshampeleka hospitali siku nyingi. Cha mdomoni hakionekani, hakiumi, na kinakaa na bakteria usiku na mchana.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa fizi zikitibiwa, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c, kinachosomwa kwa asilimia) hushuka kwa takriban pointi 0.4, tuseme kutoka asilimia 8.4 hadi 8.0. Dawa zake za sukari aendelee nazo kama kawaida, hili ni nyongeza. Na wakati wa miadi amwambie daktari wa meno kwamba ana kisukari, afike akiwa amekula na ametumia dawa zake.

Na moyo?

Wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hupata maradhi ya moyo na kiharusi zaidi kuliko wengine, na bakteria wa fizi wamekutwa ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya damu. Haijathibitishwa kwamba fizi ndizo zinazosababisha, kwani sigara, kisukari na umri huchangia yote mawili. Mtu asikutishe kwamba utapata presha ya ghafla kwa sababu ya ugaga. Mwenye tatizo la valvu za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, hata hivyo, aseme mapema kabla hajaguswa meno, kwa kuwa bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kushambulia valvu hizo.

Mke wangu ni mjamzito na fizi zimevimba. Asubiri ajifungue?

Asisubiri. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa utando mdogo tu. Kusafishwa ni salama. Miezi mitatu ya katikati ndiyo anayokaa kitini kwa raha zaidi.

Mimi navuta sigara, mbona fizi zangu hazitoki damu?

Moshi hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo dalili inafichwa huku mfupa ukiliwa. Kaka, wewe ndiye ninayetaka kukuona kwanza.

Jirani kanishauri nipake mafuta ya ganda la korosho yaue wadudu.

Tafadhali usifanye hivyo. Kina mama wanaobangua wanajua mafuta yale yanavyobabua vidole. Fizi ni laini kuliko kidole. Mkaa nao unakwaruza jino. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukitafunwa ukawa laini, ila hakikisha unafika na upande wa ndani.

Nianzie wapi?

Leo usiku, kabla ya kulala, dakika mbili kwa dawa yenye floraidi, mswaki ukiinamia pale jino linapokutana na fizi. Katikati ya meno tumia uzi wa meno. Kijiti cha kuchokolea kinachoma fizi. Asubuhi rudia. Kisha panga siku ya kukwanguliwa: hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara, hospitali ya Sokoine kwa walio Lindi, au uliza kituo chako cha afya. Ukiona usaha, uvimbe wa shavu wenye homa, au mdomo haufunguki vizuri, usipange siku. Nenda leo.