Toa hadithi moja nzima: kujichapishia na kuuza mkusanyiko wa hadithi za kutisha

Waandishi wa hadithi za kutisha wanaonitafuta wengi wanaanza na swali moja, nitauzaje, na mi huwa nawarudisha nyuma kidogo kwasababu kuuza kunaanzia kwenye kitabu chenyewe, hadithi zipi zimeingia, zimepangwaje na ipi utaitoa bure. Kazi yangu ni kuhariri na kusimamia uchapaji kwa watu wanaojigharamia wenyewe hapa Dar, na katika vitabu vyote vinavyopita mikononi mwangu hivi vya majini, wachawi, wauaji na nyumba zenye mambo ndo navipenda kuliko vyote na ndo naona vinauzwa vibaya kuliko vyote.

Tuanze na soko. Msomaji wa Kiswahili anayependa kutishwa yupo, tena ni wengi. Hawa wamelelewa na simulizi za magazetini, zile unanunua gazeti kila wiki ili ujue yule binti katoka makaburini au bado, baadae zikahamia Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu ya kwanza, ya pili, ya 35, kila mwisho ITAENDELEA, na ukifika patamu unaambiwa tuma buku upate iliyobaki. Mfumo huo umewalisha waandishi wengi na nauheshimu. Ila umemwachia msomaji kidonda, maana simulizi nyingi sana hazikuisha, mwandishi kabadili namba au kaanza nyingine na mtu alishalipia. Kwahiyo msomaji wa leo akiona kipande kimekatwa pale moyo unapoanza kwenda mbio hashawishiki kama zamani, anajihami.

Hapo sasa mwenye mkusanyiko wa hadithi fupi ana nguvu ambayo mwenye riwaya hana. Mwenye riwaya akikupa hadithi nzima kamaliza mtaji. Wewe mwenye hadithi 11 ukitoa moja, nzima, mpaka nukta ya mwisho, bado unazo 10, na aliyesoma kashajua vitu viwili ambavyo tangazo haliwezi kumwambia, kwamba unajua kutisha na kwamba unajua kumaliza. Sasa kinachoniuma ni kwamba waandishi wengi wa hadithi fupi wanaiga mtindo wa simulizi, wanachukua hadithi ya kurasa nane wanaikata katikati halafu wanaandika "pata kitabu ujue kilichotokea". Hapana jamani. Usikate.

Ipi utoe? Sio ile dhaifu uliyokuwa unaona aibu kuiweka kitabuni, hiyo iondoe kabisa kitabuni. Sio ile kali kuliko zote pia, hiyo iache imkute mtu ndani ya kitabu. Toa ile inayosimulika. Yani mtu akiisoma usiku, kesho yake kwenye daladala anaweza kumwambia mwenzake kwa dakika mbili na mwenzake akasema nitumie. Hadithi za hali ya moyo, za kichwa kinachovurugika polepole, ni nzuri sana lakini hazisimuliki, zinahitaji mtu akae nazo. Na iwe fupi, maneno 1500 mpaka 2000 hivi, mtu aimalize kwa mkao mmoja kwenye simu.

Ukiituma WhatsApp kumbuka meseji ndefu inajikunja, mtu anaona mwanzo tu mpaka abonyeze kuendelea, kwahiyo mistari ya kwanza ndo inabeba kila kitu, usiipoteze kwa salamu na historia ya kitabu. Anza na hadithi. Jina lako, jina la kitabu na namba ya kuagizia viwe mwishoni ndani ya maandishi yaleyale, sio kwenye meseji ya pili, kwasababu watu wakianza kuforwadi meseji ya pili inabaki njiani na hadithi inazunguka bila mwenyewe. Tangu 2020 WhatsApp walibana pia, meseji iliyoforwadiwa mara nyingi unaweza kuipeleka kwa chati moja tu kwa wakati, kwahiyo usitegemee itasambaa yenyewe, inabidi uitume upya wewe na watu wako wachache wanaokuamini. Brodkasti nayo inachukua watu 256 kwa orodha moja na inamfikia tu aliyesevu namba yako, ndo maana nawaambia waandishi kila mtu anayekutafuta muombe kwa adabu akusevu. Na tuma usiku, saa tatu kwenda mbele, mtu kashatulia na taa zinaanza kuzimwa.

Sauti ni nzuri zaidi hata ya maandishi. Watu wetu wanapenda kusikiliza, wanasikiliza simulizi wakiwa wanapika, wanaendesha gari, wako lindoni. Isome hiyo hadithi yako mwenyewe, bila muziki wa kutisha wa kupakua mtandaoni, chumba kiwe na pazia na godoro ili sauti isigonge ukutani, simu karibu na mdomo lakini pembeni kidogo. Sauti ya kawaida inayosimulia jambo baya inatisha kuliko sauti inayojitahidi kutisha.

Sasa kabla hujaenda kwa mchapaji kuna jambo moja la uandishi silipitishi hata mwandishi akikasirika. Hapa kwetu watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, miaka ya 2007 na 2008 kanda ya ziwa hali ilikuwa mbaya sana, kwasababu watu waliaminishwa kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Akija mtu na hadithi ambayo mganga anaagiza kiungo cha binadamu na tajiri kweli anatajirika, na hadithi inaishia hapo, mi siichapi. Andika uovu huo, uandike kwa ukali wote, lakini usiufanye ufanye kazi. Unaweza kumuonyesha aliyeua, anachokiogopa, familia aliyoiharibu, hata ukamwacha asikamatwe, ila ule utajiri usiwe wa kweli kwenye ulimwengu wa hadithi yako. Hivyohivyo kwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Vikongwe wameuawa kwa macho mekundu waliyoyapata kwa kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Mwandishi wa giza anayejua hilo anaandika hadithi ya kutisha zaidi, ya kijiji kizima kinachokusanyika usiku nje ya mlango wa mama mmoja.

Nyuma ya kitabu pia sema ukweli kuhusu kilichomo. Kama kuna kujiua, ubakaji au mauaji ya mtoto, mstari mmoja wa wazi unatosha, pamoja na umri wa msomaji anayefaa, maana kitabu nyumbani kinashikwa na kila mtu. Haupunguzi mauzo, unamheshimu mtu.

Mpangilio wa hadithi: ya kwanza iwe ya kushika haraka, ya mwisho iwe ile kali uliyoificha, na usipange vifo vitatu mfululizo, kwasababu msomaji akizoea kifo hakitishi tena. Baada ya hadithi nzito weka ya kimya, isiyo na damu hata tone. Ile uliyoitoa bure iweke katikati, akiikuta anaipita au anairudia kwa raha, lakini asiikute ukurasa wa kwanza akahisi kalipia kitu alichokuwa nacho.

Kava sasa. Kila mwandishi wa hadithi za kutisha anataka kava jeusi. Naelewa, lakini nyeusi ndo rangi ngumu kuliko zote kwenye uchapaji na inabidi uijue. Ukichapa kwa wino mweusi peke yake eneo lote linatoka kama kijivu kilichochoka, dizaina anatakiwa achanganye nyeusi kamili na kiasi kidogo cha zile rangi nyingine tatu za wino, samawati, majenta na njano, ili iwe nzito, ila maandishi madogo ayaache na nyeusi peke yake yasije yakawa na ukungu. Nyekundu ya damu inayowaka kwenye skrini ikienda kwenye karatasi inakuwa rangi ya tofali, kwahiyo faili libadilishwe kwenda rangi za uchapaji mapema uone mwenyewe kabla hujalipa. Laminesheni ya mati, ile plastiki nyembamba isiyong'aa inayofunika kava, kwenye nyeusi inapendeza sana ila inashika alama za vidole na mikwaruzo, na kwenye mgongo kava jeusi likikunjwa mara kwa mara linapasuka na weupe wa karatasi unatokea. Halafu kuna hili ambalo naona linasahauliwa kabisa, mnunuzi wako atakutana na kava mara ya kwanza kwenye simu, likiwa dogo kama kucha, na simu nyingi zimewekwa skrini nyeusi. Kava jeusi lenye picha ya giza na jina kwa nyekundu iliyokolea hapo halionekani, linamezwa. Punguza kava lako mpaka liwe dogo hivyo, litazame ukiwa nje juani, kama jina halisomeki rudi kwa dizaina.

Kurasa hesabu kwa 16 kama unachapa kwa ofseti, yani mashine kubwa inayotumia pleti za kuchapia, maana karatasi kubwa ya A2 ikikunjwa inatoa kurasa 16 za A5, kwahiyo kitabu cha kurasa 128 au 144 kinakaa vizuri na kitabu cha 131 unalipia karatasi tupu. Ukurasa wa A5 wenye herufi za kusomeka unabeba karibu maneno 300. Pleti za ofseti gharama yake ni ileile ukichapa nakala 100 au 2000, ndo maana nakala chache zinakuwa ghali kweli, na kama unaanza na mia moja au mbili bora digitali, inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili bila pleti. Omba nakala moja ya majaribio, ishike, ifungue katikati uone kama maneno yanazama kwenye gundi.

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, zetu nyingi utaziona zinaanza na 978 halafu 9976 au 9987, na toleo la karatasi na la kidijitali kila moja linataka namba yake. Ukishachapa wapelekee nakala zao. Hakimiliki unayo tangu umeandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku mtu akisoma hadithi yako kwenye chaneli yake bila kukutaja. Na hilo litatokea, hadithi za kutisha ndo zinasomwa sana huko.

Bei wengi wanaiweka kwa kuangalia vitabu vya wenzao. Piga hesabu yako. Chukulia, hizi ni namba za mfano tu, nakala 300, kuchapa moja ni 5,500, uhariri na kava vimekula 900,000, yani 3,000 kwa kila nakala. Unauza 15,000. Duka likichukua asilimia 40 unabaki na 9,000, toa 5,500, toa 3,000, mkononi una 500 na bado hujalipa nauli. Ukiuza mwenyewe kwa simu unabaki na 6,500. Maduka yana faida yake, kitabu kikionekana pale duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora mtu anakuchukulia kwa uzito mwingine, lakini usipeleke nakala zote huko, peleka chache na fuatilia kila mwezi kwa daftari. Kujichapishia sio jambo la jana kwetu, mwandishi wa riwaya Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya kuchapisha, Heko Publishers, na alichokuwa anajua yeye ni kwamba kuchapa ni nusu ya kazi.

Oda za awali zichukue kwa lipa namba au laini tofauti na ya matumizi ya nyumbani, na taja tarehe ya kutuma ambayo mchapaji keshaithibitisha kwa maandishi, maana hao wateja ndo walewale walioachwa na simulizi zisizoisha. Mikoani tuma kwa basi, pale stendi ya Magufuli Mbezi, funga kwa nailoni kwanza ndo karatasi ya kaki, andika namba ya mpokeaji pande mbili, piga picha risiti umtumie. PDF mi nashauri isubiri mpaka nakala za karatasi ziishe au zikaribie, na ukiiuza weka jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii kila kitu lakini mtu anasita kuforwadi kitu chenye jina lake.

Uzinduzi wa ukumbini na mgeni rasmi sipendekezi kwa vitabu hivi, hela ya ukumbi na chakula ingechapa nakala nyingi. Tafuta sehemu ndogo, jioni, watu 30, soma hadithi mbili, taa za kadiri, vitabu mezani. Watu wakitoka pale wananunua wakiwa bado na ile hofu.

Na chapa ya kwanza ikiisha utataka ya pili, ukiwa umekusanya makosa yote wasomaji waliyokuonyesha, kwahiyo tangu mwanzo kubaliana na dizaina kwamba utapewa mafaili ya kazi yenyewe, sio PDF ya mwisho tu. Waandishi wengi wanakwama hapo, kitabu kinaulizwa mpaka Mwanza na hakuna anayeweza kurekebisha herufi moja kwasababu kompyuta ya dizaina ilikufa. Malipo ya mwisho yatoe ukishafungua hayo mafaili kwenye kompyuta nyingine na ukaona fonti na picha zote zipo.