Je, wajua kwa nini neno la Kiingereza ulilolikariri usiku halipo asubuhi?

Mwanafunzi wa kidato cha tano, awe wa skuli ya Lumumba ya Unguja au ya Fidel Castro ya Pemba, hupiga mstari katikati ya daftari: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Atalisoma daftari juu hadi chini mara kumi, ahisi yameingia. Kwenye mtihani akiliona neno analijua, lakini akitaka kuliandika mwenyewe halimjii. Si kichwa kizito. Amejizoeza kulitambua neno, hajajizoeza kulitafuta akilini, na hizo ni kazi mbili mbalimbali.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba kusahau huenda kasi saa za mwanzo, kisha hupunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushinda marudio yaleyale yakifanywa kwa mkupuo. Ndiyo sababu kukesha na orodha hakufui dafu.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Kata manila iwe vikadi vya ukubwa wa karata, kisha gawa boksi la viatu vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inasonga mbele. Ukikosa, hata ikiwa imeshafika cha tatu, inarudi cha kwanza. Kadi mpya ziwe tano kwa siku, siku tano za wiki. Wanaoanza na ishirini hukwama mapema, kwani marudio huwalundikia.

Kadi yenyewe isiwe na neno tupu. Mbele andika sentensi yenye pengo, tena ya jambo unalolijua: “Warmer sea water has had a s_______ effect on seaweed farming in Paje.” Nyuma andika “significant”, maana yake (-kubwa, -enye uzito), na ndugu zake: signify, significance, significantly, insignificant. Kisha andika sigNIFicant, herufi kubwa zikionesha pa kukazia sauti. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuseme “signiFIcant”, halafu tusilitambue neno tukilisikia redioni.

Ndugu wa neno ni hazina khasa. Aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba kitabu, katibu, katiba na maktaba vyote vimetoka katika shina la Kiarabu k-t-b. Kiingereza nacho kina mashina yake, mengi ya Kilatini: “dict”, kusema, limezaa predict, contradict, dictate na verdict. Lakini usiliamini shina kwa macho yaliyofumba. Kipande “in-” mwanzoni mwa neno mara nyingi hukanusha, lakini “invaluable” si kitu kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyokadirika. Na “inflammable” ni kinachoshika moto, sawasawa na “flammable”. Shina likusaidie kukisia na kukumbuka, kamusi ndiyo iamue.

Uanze na maneno gani? Si yale marefu ya kutishia watu. Mwaka 2000 Averil Coxhead, huko New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali: analyse, assume, consistent, derive na mengineyo. Familia hizo hubeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Kwa kadi 25 za wiki, unazimaliza kwa wiki 23, kabla kidato cha tano hakijesha.

Kadi peke yake hazitoshi, lazima usome. Watafiti wa usomaji hukadiria kwamba ili uelewe bila msaada, unahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Basi ukurasa wa maneno 300 ukikutoa jasho kwa zaidi ya maneno sita, weka kitabu hicho kando kwa sasa, uchukue chepesi zaidi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kuunganisha maneno. Sisi tunafungua redio, kwa hiyo mwanafunzi anaandika “open the radio”, na hali Kiingereza kinataka “turn on”. Tunajadili kuhusu jambo, naye anaandika “discuss about the problem”. Kumbe ni “discuss the problem”, bila “about”. Ushauri mwingi unamzalia “advices”, neno lisilohesabika kwa mtindo huo: ni “advice”, au “a piece of advice”. Kwa hiyo kila kitenzi kiandikwe kwenye kadi pamoja na kinachokifuata, na kila nomino pamoja na kitenzi chake: “draw a conclusion”, “conduct research”, “pose a threat”. Ukijipima, taja fungu zima. Ukilikumbuka nusu, hesabu umekosa na kadi irudi chumba cha kwanza.