Maziwa Hayaui Sumu: Maswali na Majibu kwa Jamaa wa Mgonjwa

Ninahudumu katika chumba cha dharura hapa Kisumu. Wagonjwa wa sumu hutujia kutoka Nyalenda na Obunga, kutoka mashamba ya mpunga ya Ahero na ya miwa kule Muhoroni, wengine wakivuka kutoka Siaya na Vihiga. Sumu zenyewe hutofautiana, lakini safari zao hufanana mno: amekunywa, akapewa maziwa, akatapishwa, akaangaliwa kwanza "kama itapungua", na hospitali ikawa kituo cha mwisho. Maswali yafuatayo ndiyo jamaa huniuliza wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Mengine nimeyajibu zaidi ya mara moja, kwa sababu huulizwa zaidi ya mara moja.

Sumu ni nini hasa?

Ni kitu chochote kinachodhuru mwili kikiingia kwa kiasi cha kutosha. Daktari Paracelsus alilieleza hilo tangu karne ya 16: kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Kwa hiyo Panadol iliyo kabatini kwako ni dawa, na ukizidisha ni sumu. Huingia kwa mdomo, kwa ngozi, kwa pumzi au kwa sindano.

Ni sumu zipi mnazoziona sana?

Dawa za kupulizia nyanya, sukuma wiki na mahindi, hasa zile za kundi la organofosfati. Mafuta ya taa, kwa watoto wadogo. Vidonge vya nyumbani: Panadol, vya presha, vya sukari, vya kifafa, na vile vya kuongeza damu ambavyo akina mama wajawazito hupewa kliniki. Dawa ya panya. Jik. Za nadra zipo, lakini hizo tuachieni sisi. Hizi nilizozitaja ziko nyumbani kwako sasa hivi.

Mtu akinywa sumu, nimpe maziwa?

Hapana.

Najua mama yako alikufundisha, naye alifundishwa na mama yake. Hata hivyo maziwa hayaui sumu. Hayaifuti, wala hayaizuii kuingia kwenye damu. Kazi yake ni kulijaza tumbo hadi mgonjwa atapike, na mgonjwa aliyekwisha kulegea akitapika, maziwa pamoja na sumu hushuka mapafuni. Tulikuwa tupambane na sumu peke yake. Sasa tuna sumu na mapafu yaliyojaa maziwa.

Mafuta ya kupikia, mayai mabichi na maji ya sabuni yana jibu hilohilo. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kabisa, maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu: huvuta maji kutoka kwenye ubongo, na mtoto huingia kwenye degedege.

Basi nimtapishe kwa kidole?

Hapana, tena hapana kubwa. Mafuta ya taa yakiwa tumboni kwa kawaida hayaleti hatari kubwa. Hatari ni yakiingia kwenye mapafu, na kwa kuwa ni mepesi, huteleza kuingia humo kila mtoto anapotapika. Mtoto mmoja aliyekunywa funda tu kutoka kwenye chupa ya soda aliletwa kwetu gauni likiwa limelowa maziwa na kunuka mafuta ya taa. Pua zake zilikuwa zikipanuka kwa kila pumzi na mbavu zikiingia ndani. Mama yake alisema mwanzoni alikohoa kidogo tu; pumzi ilibadilika baada ya shangazi kumtapisha, mara mbili.

Asidi ya betri, Jik na dawa za kuzibua mabomba huunguza koo zikishuka, na ukimtapisha zinaliunguza upya zikipanda. Mtu mwenye usingizi mzito au degedege hawezi kuilinda njia yake ya hewa. Kwa hiyo usimtapishe aliyekunywa mafuta, usimtapishe aliyekunywa asidi, usimtapishe aliyelegea, na kwa kuwa hapo nyumbani huwezi kujua sawasawa amekunywa nini, usimtapishe mtu yeyote.

Akitapika mwenyewe, mlaze kwa ubavu wa kushoto, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke nje.

Nyanya amesaga mkaa wa jiko akaukoroga na maji. Si hospitali pia hutumia mkaa?

Hospitali hutumia mkaa maalumu wa unga, uliotengenezwa ili unase sumu tumboni, na hufaa zaidi ndani ya saa moja ya kwanza. Haunasi mafuta ya taa, asidi wala madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya kuongeza damu. Mkaa wa jiko si huo. Mwambieni nyanya kwa heshima aurudishe jikoni.

Sasa nifanye nini hapo nyumbani?

Mambo machache, na yote kwa haraka. Mwondoe mtu penye sumu. Kama ni dawa ya shambani na imemwagikia nguo, mvue zote, umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Dawa hizo hupenya ngozi, kwa hiyo wewe unayemwosha vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Iliyoingia jichoni, mwagilia maji safi kwa dakika 15 au 20. Asiyepumua, usimpulizie mdomo kwa mdomo ikiwa amekunywa dawa ya shamba. Mbonyeze kifua huku mwenzako akitafuta gari.

Kisha ondokeni. Mgonjwa asiyejitambua asibebwe katikati ya watu wawili kwenye boda boda, kichwa kikining'inia. Shingo ikikunjika hivyo hewa hukatika, na tumewapokea waliofika wakiwa na midomo ya bluu kwa sababu hiyo tu. Tafuta gari, au tuktuk ambayo mtu anaweza kulazwa kwa ubavu.

Na mje na chupa. Njooni na chupa yenyewe, pakiti yenyewe, karatasi ya vidonge hata ikiwa tupu. Ukishindwa, ipige picha kwa simu, lebo ionekane. "Dawa ya kunguni tuliyonunua kwa mtu Kibuye" haitusaidii. Jina lililo kwenye lebo ndilo linaloamua dawa tutakayompa. Mtuambie pia saa aliyokunywa, na kiasi gani kilikuwamo kabla.

Maziwa kidogo tu, tukingojea gari?

Hapana. Hata kidogo. Mikono inayotafuta maziwa dukani itafute gari.

Binti yetu alimeza Panadol nyingi jana usiku, lakini leo anaongea na amekunywa chai. Tumlete kweli?

Mleteni sasa hivi, maelezo myasome baadaye.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu sumu hii ina dawa yake na tunampoteza mtu kwa kungoja. Parasetamoli, yaani dawa iliyo ndani ya Panadol, ikizidi, ini hulazimika kuivunja kwa njia ya pembeni inayozalisha kemikali kali. Mwili una kinga ya kuizima kemikali hiyo, lakini kinga hiyo ni ya akiba, na ikiisha, ini linaanza kufa kimyakimya. Siku ya kwanza mgonjwa huwa na kichefuchefu kidogo au hana lolote. Anaongea, anacheka, anaomba chai. Siku ya pili au ya tatu anaumwa tumbo upande wa kulia chini ya mbavu. Ya tatu au ya nne macho yanakuwa manjano, anaanza kuchanganyikiwa, damu inakataa kuganda. Hapo ndipo familia hushtuka.

Dawa yake, asetilisisteini, hulinda ini karibu kabisa ikianzishwa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Ikichelewa bado husaidia, kwa hiyo usiseme "muda umepita, tubaki nyumbani". Usipime hatari ya Panadol kwa sura ya mgonjwa. Narudia: usipime kwa sura. Anayeongea na kunywa chai ndiye tunayeweza kumwokoa.

Tena si wote hukusudia. Kuna mtu mwenye jino linalomsumbua, anameza viwili kila baada ya saa mbili, juu yake anaongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji pombe au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza, maana kwake hata hivyo vinaweza kuwa vingi.

Mtoto amemeza kidonge kimoja tu cha sukari cha nyanya yake. Kimoja si kitu?

Kwa mtoto wa miaka miwili, kidonge kimoja cha glibenklamidi kinaweza kushusha sukari ya damu hadi apoteze fahamu, na inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, nyote mkiwa mmelala. Aje, alale kwetu, tumpime sukari usiku kucha. Vidonge vya kuongeza damu navyo ni hivyohivyo: mtoto hutapika na kuharisha, kisha anatulia kwa saa kadhaa kama aliyepona, halafu anaanguka. Utulivu huo usiwadanganye.

Tulichelewa kwa kuwa tuliogopa polisi. Aliyejaribu kujiua si hushtakiwa?

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mimi sihitaji barua ya chifu wala ya kituo cha polisi ili nimtibu mtu. Na kuhusu pesa, Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Semeni ukweli mlangoni. Mkituambia "ni malaria" ilhali amekunywa dawa ya kupulizia nyanya, tutapoteza dakika ambazo hana.

Ni siku ya pili, ameamka na anaomba uji. Kwa nini hamtaki kutuachilia?

Aliyekunywa organofosfati hufika akitokwa na mate, jasho na machozi, kifua kikikoroma kwa makohozi, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikichezacheza. Tunampa atropini, tunairudia kila baada ya dakika chache tukiongeza, hadi kifua kikauke na mapigo ya moyo yapande. Mnamwona ametulia, mnadhani kazi imekwisha. Lakini atropini hairudishi nguvu ya misuli. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, misuli ya shingo na ya kupumua inaweza kulegea ghafla hata kwa mtu aliyekuwa akila. Ndiyo maana nesi humwambia kila mara ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa kukiinua, tunatafuta mashine ya kupumulia, na mashine hiyo haiko sebuleni kwenu. Familia hutia sahihi, humchukua mtu wao saa kumi jioni, na usiku huohuo tunawaona tena getini.

Aliyekunywa kwa makusudi hatoki pia kabla ya kuzungumza na mshauri. Asihubiriwe wodini, wala asiulizwe mbele ya wageni kwa nini alitaka kuwaaibisha. Mtu mmoja anayempenda akae naye. Kabla hajarudi nyumbani, ondoeni dawa za shamba na vidonge vyote mahali anapoweza kuvifikia. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure, na inaweza kupigwa na mgonjwa au na nyinyi mnaomuuguza.